x86 maana yake nini?

Fungua diski C kwenye kompyuta yenye Windows ya biti 64. Utakuta folda mbili za programu zenye majina karibu sawa, ila moja inaishia na x86. Wengi huipita kila siku wakidhani ni namba ya toleo, kumbe ni jina la ukoo wa prosesa, yaani chipu inayoendesha programu za kompyuta.

Prosesa hufuata amri zilizoandikwa kwa namba: jumlisha, linganisha, hamisha, ruka. Kila ukoo una orodha yake ya amri. Chipu mbili zinazofuata orodha moja huendesha programu ileile, hata kama zimetoka kwa kampuni tofauti na ndani hazifanani kabisa. Orodha ya ukoo huu ndiyo inayoitwa x86. Jina limetokana na 8086 ya kampuni ya Intel, ya mwaka 1978, chipu ya transista (swichi ndogo sana za umeme) 29,000 hivi. Zikafuata 80186, 80286, 80386 na 80486. Zote zinaishia na 86, watu wakaweka x mahali pa tarakimu za mbele.

Mizizi yenyewe iko nyuma zaidi, na hapo ndipo ninapopapenda kuliko kwingine. Mwaka 1970 kampuni ya Computer Terminal Corporation ya San Antonio, Texas, ilitangaza mashine ya mezani iitwayo Datapoint 2200. Orodha ya amri zake waliibuni Victor Poor na Harry Pyle. Intel ilipewa kazi ya kuiingiza prosesa yote ya mashine hiyo ndani ya chipu moja, ikachelewa, na wenye mashine wakaendelea bila chipu hiyo. Intel ikabaki na haki ya kuiuza, na mwaka 1972 ikaitoa sokoni kwa jina la 8008. Ikafuatwa na 8080 mwaka 1974, iliyotumika kwenye Altair 8800, kompyuta ambayo watu waliinunua vipande na kuiunganisha wenyewe nyumbani. Nayo 8086 ilibuniwa ili programu za 8080 ziweze kuhamishiwa kwake bila kuanza upya.

Urithi huo ungalipo. Datapoint 2200 ya kwanza ilishughulikia biti, yaani tarakimu za 0 na 1, moja baada ya nyingine. Ukijumlisha 47 na 38 kwenye daftari unaanzia mamoja, kwa sababu makumi huyajui mpaka uone kama kuna moja ya kupeleka. Mashine ile nayo ilihitaji kupata sehemu ndogo ya namba kwanza, kwa hiyo namba ndefu zilihifadhiwa kuanzia mkiani. Chipu ya 8008 haikuwa tena na shida hiyo ya biti moja moja, ila ilifuata mpangilio uleule, na laptop ya x86 iliyonunuliwa jana inaufuata pia.

Kilichoueneza ukoo huu duniani ni IBM. Agosti 1981 ilitoa kompyuta yake ya IBM PC ikitumia Intel 8088, ndugu wa 8086: ndani ni biti 16, lakini njia yake ya data ya nje ni ya biti 8, hivyo iliweza kuunganishwa na chipu saidizi za bei nafuu. IBM haikutaka kutegemea mtengenezaji mmoja, na AMD, kampuni nyingine ya chipu, ikapata ruhusa ya kutengeneza chipu hizohizo. Ilipofika 386, mwaka 1985, Intel iligoma kuigawia AMD. Ukafuata ugomvi wa miaka, na AMD ikatoa 386 yake mwaka 1991. Mwaka huohuo mahakama ya Marekani ikakataa kuifanya namba 386 kuwa mali ya Intel peke yake. Ndiyo maana chipu iliyofuata 486, mwaka 1993, haikuitwa 586 bali Pentium.

Zamu ikageuka mwaka 2003. AMD ndiyo iliyoipanua orodha ya x86 hadi biti 64, na Intel ikaifuata mwaka uliofuata. Leo upanuzi huo huitwa x64, na folda yenye x86 huwekwa programu za biti 32. Wanaopakua Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, huona jina amd64 kwenye faili, wakaliacha kwa kuwa laptop yao ni ya Intel. Wasiliache. Faili hilo ni la kwao pia.