Mbu wa malaria hazaliwi kwenye nyasi

Wiki hii nimeulizwa tena. Safari hii ni mwenyekiti wa kijiji, aliyeshinda asubuhi nzima na watu wake wakifyeka: "Mtaalamu, vichaka tumevimaliza. Sasa malaria si itapungua?" Watu walikuwa wamelowa jasho, na jasho lao naliheshimu. Lakini nyuma ya nyumba nilikuta mashimo ya kufyatulia matofali yamejaa maji ya mvua, jua linayapiga, na viluwiluwi wa Anopheles, jamii ya mbu wanaoeneza malaria, wamejilaza sambamba na uso wa maji.

Nitalirudia hili hadi lieleweke. Mbu hazaliwi kwenye nyasi, anazaliwa majini. Baadhi hupumzika vichakani mchana, basi. Tena Anopheles gambiae, msambazaji mkuu wa malaria Afrika, hapendi maji yaliyofunikwa na majani. Anataka kidimbwi cha muda chenye jua: alama ya kwato, njia ya tairi, mfereji ulioziba, shimo la udongo. Jua hupasha maji, mwani huota, viluwiluwi hushiba, na baada ya wiki moja au mbili yai limekuwa mbu. Ukiondoa kivuli juu ya maji bila kuyaondoa maji yenyewe, umemwandalia makazi.

Tazameni Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, ambako mabonde ya mafunjo yalifyekwa yakawa mashamba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa vijiji vilivyo kando ya mabonde yaliyolimwa vina joto zaidi kuliko vile ambavyo mafunjo yake bado yamesimama, na kadiri joto la chini la usiku lilivyopanda, ndivyo mbu walivyoongezeka ndani ya nyumba. Msidharau nyuzi joto moja au mbili za milimani. Kwenye nyuzi 28, vimelea vya malaria aina ya falciparum hukomaa ndani ya mbu kwa siku tisa au kumi hivi. Kwenye nyuzi 18 huhitaji karibu miezi miwili, na mbu wachache mno huishi muda huo.

Mabwawa nayapitia haraka: Tigray, Ethiopia, watoto wa vijiji vya jirani na mabwawa madogo walipata malaria mara saba zaidi ya wale wa mbali.

Sasa linalonikera zaidi. Nikishaeleza haya, msikilizaji hugeuka upande wa pili: "Kumbe kukata miti huleta malaria!" Hapana. Ni mbu gani huyo? Kusini mashariki mwa Asia, Anopheles dirus anategemea kivuli cha msitu. Msitu ukiondoka, naye mara nyingi hupungua. Hata hapa Afrika, Anopheles funestus hupenda maji ya kudumu yenye mimea iliyochomoza. Ardhi ile ile, ikibadilishwa vile vile, humfukuza mmoja na kumkaribisha mwingine. Anayetoa ushauri wa ardhi kabla ya kuwatambua mbu wa mahali hapo anabahatisha.

Na sisi wataalamu wenyewe tunabishana. Kwenye msitu wa Amazon, Amerika Kusini, malaria mara nyingi hupanda walowezi wanapofungua msitu, kisha hushuka makazi yakitulia. Je, ni miti iliyokatwa, au ni watu wapya wasio na kinga, wanaolala kwenye vibanda visivyo na kuta, mbali na zahanati? Naelemea kusema ni yote mawili, ila sina namna safi ya kuyatenganisha, na nimeshaona takwimu zikisomwa pande zote mbili. Mpunga nao ulitusumbua: kwa miaka mingi tuliona mbu wengi kwenye skimu za umwagiliaji bila malaria kuzidi ya vijiji vya jirani, tukajifariji. Malaria ilipopungua kwingineko, vijiji vya mpunga vikaanza kuonekana vimebaki nyuma.

Nilimwomba mwenyekiti waweke mapanga, washike majembe, wafukie mashimo. Akanijibu, "Na nyumba tutajengea nini?" Tukakubaliana: hakuna kufungua shimo jipya kabla ya kufukia la zamani, kwa kifusi kile kile kinachotoka. Lile kubwa la karibu na kisima bado hatujajua la kulifanya.