Kasha la kusafirishia fueli ya nyuklia iliyotumika ni nini?

Ni chombo kinene cha chuma kinachobeba vifungu vya fueli vilivyotolewa kwenye kinu cha nyuklia, kuvipeleka ghalani au kwenye kiwanda cha kuchakata upya. Kasha la lori huwa na tani 25 hivi na huweza kubeba kifungu kimoja tu, ambacho chenyewe hakifiki hata tani moja. La reli hupita tani 100. Uzito karibu wote ni wa kuta.

Wengi wakisikia taka za nyuklia huwaza maji ya kijani yanayovuja kwenye pipa. Fueli hii haina majimaji yoyote: ni vidonge vya kauri vya oksidi ya urani, vilivyopangwa ndani ya fito nyembamba za aloi ya zirkoni zenye urefu wa mita 4 hivi, na fito nyingi zikifungwa pamoja huwa kifungu. Ikitoka kwenye kinu huwa kali mno, kwa mionzi na kwa joto, hivyo huachwa bwawani miaka kadhaa ipoe kabla ya kusafirishwa. Hata hapo haijapoa kabisa.

Mbunifu wa kasha ana kazi ya kuzuia vitu vyenye mionzi visitoke, kukinga watu na miale, kuondoa joto, na kuhakikisha atomu hazianzi tena kupasuana kwa mfululizo humo ndani. Ugumu ni kwamba kazi hizi hugombana. Miale ya gama huzuiwa na kitu kizito kama madini ya risasi au chuma. Lakini nyutroni, chembe za ndani ya atomu ambazo fueli pia huzitoa, hupenya risasi bila taabu. Dawa yake ni kitu chenye hidrojeni nyingi, mfano plastiki. Lakini plastiki haipitishi joto vizuri, kwa hiyo ukilivika kasha lote plastiki, fueli itajipika yenyewe. Wajerumani waliounda makasha ya CASTOR walitoboa matundu marefu ndani ya ukuta wa chuma cha kusubu na kuchomeka humo fito za plastiki ya polietilini. Joto linapita kwenye chuma kilicho katikati ya matundu, nyutroni zinanaswa na plastiki. Kwangu mimi hapo ndipo penye ufundi hasa, kuliko kwenye unene wa ukuta ambao kila mtu huusifu.

Mpasuko wa mfululizo huzuiwa na kikapu cha ndani kinachotenganisha vifungu, chenye boroni inayomeza nyutroni. Maji yakiingia hupunguza mwendo wa nyutroni na kurahisisha mpasuko, ndiyo maana hesabu hupigwa kana kwamba kasha limeshajaa maji.

Kanuni za majaribio hutoka kwa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki. Kasha huangushwa kutoka mita 9, kisha kutoka mita 1 juu ya nguzo ya chuma yenye kipenyo cha sentimita 15, kisha huwekwa kwenye moto wa nyuzi 800 za Selsiasi kwa dakika 30. Kuna pia jaribio la kuzamishwa majini, na kwa fueli iliyotumika linafika kina cha mita 200 kwa saa nzima.

Mita 9 zinaonekana haba. Ukipiga hesabu, kasha hufika chini kwa kasi ya kilomita 48 kwa saa, mwendo wa daladala mjini. Basi treni iendayo kasi zaidi je? Jibu liko kwenye sakafu. Nazi ikiangukia mchanga hubaki nzima, ikiangukia jiwe hupasuka, ingawa mnazi ni uleule. Sakafu ya jaribio imetengenezwa isibonyee hata kidogo, hivyo nguvu yote hurudi kwenye kasha. Ajalini, lori hujikunja, udongo huchimbika, ukuta wa zege huvunjika, na kila kimoja hula sehemu ya nguvu hiyo.

Waingereza waliamua kuonyesha hilo hadharani. Tarehe 17 Julai 1984, huko Old Dalby, treni isiyo na dereva, yenye kichwa cha dizeli na mabehewa matatu, iliachiwa kwa kasi ya kilomita 160 hivi kwa saa ikagonga kasha lililolazwa relini. Kichwa cha treni kiliharibika vibaya. Kasha lilikuwa limejazwa shinikizo la paundi 100 kwa inchi ya mraba. Baada ya kugongwa lilikuwa limepoteza paundi 0.26 tu.

Kwenye moto, hata hivyo, wakosoaji wana hoja nzito zaidi. Julai 2001 treni ya mizigo iliwaka ndani ya handaki la Howard Street mjini Baltimore, Marekani, na moto ukachukua siku kadhaa kumalizika. Haikuwa imebeba fueli ya nyuklia, lakini tume ya nyuklia ya Marekani ilipiga hesabu za makasha matatu kana kwamba yalikuwamo. Ilikuta kwamba fueli isingetoka katika lolote. Kwa mawili, gasketi za vifuniko, yaani pete za kuziba mwanya, zingepita kiwango cha joto zinachohimili, na vumbi kidogo lenye mionzi, lililoshika nje ya fito, lingeweza kupenya. La tatu lilikuwa na kopo la ndani lililochomelewa, lisilotegemea gasketi.