Je, wajua kwa nini kwotabeki akistaafu anakuwa kocha tayari? Mtazame Tom Flores

Mpira wa Kimarekani ukiuangalia mara ya kwanza unaona tu watu wamevaa helmeti wanagongana, halafu kuna mmoja kabaki nyuma kashika mpira, macho yanazunguka anatafuta wa kumrushia. Huyo ndo kwotabeki. Na swali ninaloulizwa sana na washkaji nikiwa nao mbele ya TV ni hili, mbona makocha na mabosi wengi wa timu za kule waliwahi kucheza namba hiyo hiyo?

Jibu liko kwenye kazi yenyewe. Kila timu inaingiza watu 11, na yenye mpira inapewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10, ikishindwa basi mpira unahamia kwa wapinzani. Kabla ya kila jaribio wachezaji wanajikusanya kiduara na mmoja anawapa mpango, wewe kimbia kulia, wewe mzuie yule jamaa mkubwa, mpira unatoka nikitamka neno fulani. Anayesema ni kwotabeki. Siku hizi anamsikia kocha kupitia kiredio kilichomo ndani ya helmeti, kitu ambacho NFL, ligi kuu ya kule, ilikiruhusu mwaka 1994, ila miaka ya 60 hakikuwepo na makwotabeki wengi walikuwa wanachagua mpango wenyewe hapo hapo uwanjani, kwa hiyo ilibidi ajue kazi ya wenzake wote 10 na pia asome mabeki wa upande wa pili wamejipangaje, na yote hayo kwa sekunde chache. Ukifanya hivyo miaka 10 umeshasomea ukocha bila kuingia darasani.

Mimi mfano wangu siku zote ni Tom Flores. Huyu kazaliwa 1937 Fresno, California, familia ya asili ya Meksiko, watu wa kibarua cha mashambani, na yeye mwenyewe utotoni kachuma matunda. Akacheza chuoni, halafu akaanza kukataliwa: 1958 timu ya Calgary kule Kanada ikamkata, 1959 Washington nao wakamkata. Kilichomuokoa ni kwamba mwaka 1960 ilianza kuchezwa ligi mpya, AFL, kushindana na NFL, ikawa na timu 8 zinazohitaji wachezaji, na Oakland Raiders wakampa nafasi. Akawa kwotabeki wa kwanza mwenye asili ya Kilatino kuanza mechi kwenye ligi ya kulipwa Marekani.

Msimu wa 1962 hakucheza kabisa, mapafu yaliugua. Mwaka uliofuata karudi na Desemba 1963 kwenye mechi moja dhidi ya Houston akarusha pasi 6 za tachidauni, yaani zilizozaa bao, Raiders wakashinda 52 kwa 49. Lakini tuseme ukweli, hakuwa staa wa kutisha. Alikuwa mtulivu, walimwita mtu wa barafu, akapelekwa Buffalo, akaishia Kansas City akiwa kwotabeki wa akiba, na Januari 1970 timu ikachukua Super Bowl, fainali ya ubingwa, yeye akiwa benchi. Pete ya mabingwa akavishwa.

Hapo kwenye benchi ndo watu hawapaangalii vizuri. Kwotabeki wa akiba anahudhuria vikao vyote, anasoma filamu zote za wapinzani, anaujua mpango mzima kama anayeanza, ila siku ya mechi anasimama pembeni karibu na kocha anaangalia nani kakosea wapi. Ni kama anafanya mafunzo ya vitendo.

Basi alipoacha kucheza akawa kocha msaidizi, akarudi Raiders, nao wakachukua Super Bowl Januari 1977, pete ya pili. Kocha mkuu John Madden alipoondoka, mwaka 1979 Flores akapewa timu. Na hapa ndo kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote. Msimu wa 1980 kwotabeki wake Dan Pastorini akavunjika mguu kwenye mechi ya tano, akamwingiza Jim Plunkett, mtu aliyewahi kuchaguliwa wa kwanza kabisa kwenye drafti ya 1971, yaani zoezi la timu kuchagua vijana wapya kwa zamu, halafu mambo yakamwendea kombo mpaka San Francisco wakamkata, wengi walishamzika. Kocha mwingine angetetemeka. Flores alishakatwa mara mbili yeye mwenyewe, alijua mtu aliyekataliwa anabeba nini moyoni. Plunkett akaipeleka timu mtoano, wakapita mlango wa nyuma bila kuwa mabingwa wa kundi lao, na Januari 1981 wakaipiga Philadelphia 27 kwa 10. Tangu AFL na NFL ziungane mwaka 1970, hakuna timu iliyopita mlango huo ikachukua Super Bowl kabla yao. Miaka mitatu baadaye tena, 38 kwa 9 dhidi ya Washington, mkimbiaji wao Marcus Allen akikimbia na mpira yadi 191. Flores akawa kocha wa kwanza asiye mzungu kushinda Super Bowl, na kaishinda akiwa mchezaji, msaidizi na kocha mkuu, jambo ambalo halikuwahi kufanyika kabla yake.

Sasa ofisini ni habari nyingine. Mwaka 1989 akaenda Seattle Seahawks kuwa rais wa timu na meneja mkuu, na kazi hiyo kwotabeki hakufundishwa uwanjani. Uwanjani unaamua kwa sekunde na watu ulionao, ofisini unaamua leo kuhusu kijana wa miaka 21 na jibu unalipata baada ya miaka minne. Mwaka 1990 walitoa nafasi zao mbili za drafti, ya 8 na ya 10, wapande hadi ya 3, wakamchukua Cortez Kennedy, mlinzi wa kati, na huo ulikuwa uamuzi mzuri sana. Mwaka uliofuata wakatumia nafasi ya 16 kwa kwotabeki mrefu Dan McGwire ambaye hakuwika, na kwenye drafti hiyo hiyo Brett Favre alichaguliwa wa 33. Hata jicho la kwotabeki wa zamani haliwezi kuona kila kitu ndani ya kijana.

Mwaka 1992 Flores akashuka mwenyewe kufundisha. Timu ikashinda 2 ikapoteza 14, ikafunga pointi 140 tu msimu mzima, na bado Kennedy akachaguliwa mlinzi bora wa ligi. Baada ya 1994 Flores akafutwa kazi. Akiwa Raiders alikuwa na ushindi 83 na vipigo 53, Seattle ikaongeza 14 kwa 34, na mimi naamini miaka hiyo mitatu ndiyo iliyomchelewesha, maana Hall of Fame kule Canton, jumba la kuwaenzi magwiji wa mchezo huu, walimpokea 2021, akiwa na miaka 84. Kennedy alishaingia tangu 2012.