Kunyamaza si kukosa hamu

Juzi tena, kwenye ngazi za fakilte, mwenzangu kaniambia: "Wanafunzi wa politeknike wamelala. Unauliza kama kuna swali, kimya." Nimechoka kuyasikia maneno haya.

"Kuna swali?" haliulizi kitu. Mweke kijana wa mwaka wa pili mbele ya wenzake mia mbili, somo ni kwa Kifaransa. Kwanza ajue ni wapi hasa amepotea, kisha apange sentensi isiyo na kosa, kisha avumilie vicheko vya viti vya nyuma. Hata mimi nisingeinua mkono.

Nafundisha umeme wa msongo mkubwa hapa Lubumbashi. Naandika ubaoni: laini ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, inafanya kazi tangu 1982, mkondo mnyoofu (DC, unaokwenda upande mmoja tu). Kwa nini vijiji vilivyo chini ya nyaya zake viko gizani? Kila mtu aandike jibu kwenye karatasi, peke yake, dakika mbili. Wengi huandika "siasa". Halafu: mgeukie jirani yako, mbishane. Hapo ukumbi unachemka, na unachemka kwa Kiswahili. Mmoja anakumbuka kwamba transfoma, ile ya kushusha msongo hadi wa nyumbani, hufanya kazi na mkondo geu tu (AC, unaogeuka upande kila mara), mwingine anamalizia: basi ukitaka kuchota umeme katikati ya njia, ujenge kituo kizima cha kubadilisha mkondo, na kijiji hakina uwezo huo.

Wenzangu wengi hulirukia lile la kubishana na kuiacha karatasi. Ndiyo maana kwao mmoja anasema na watano wanamtazama. Aliyekwisha kuandika jibu lake ana kitu cha kutetea, asiyeandika anasubiri. Niwaombe sana: msiiruke karatasi.

Njia hii si yangu. Eric Mazur alianza kufundisha fizikia hivi kule Harvard mwaka 1991. Mwaka 2014 tafiti 225 za masomo ya sayansi na uhandisi zilijumlishwa pamoja: kwenye mihadhara mitupu wanaofeli ni kama 34 kwa mia, kwenye madarasa ya kushiriki 22.

Lakini si wote wanaoipenda. Binti mmoja, mwenye bidii kweli, alinifuata mlangoni: "Papa Prof, utaanza kufundisha lini?" Nilikosa jibu la haraka. Na muda unaliwa: mwaka huu nilikata sura ya ulinzi wa laini kwenye silabusi, na bado najiuliza kama ndiyo iliyopaswa kukatwa.