“Tutatue ya Leo Kwanza”: Dhana Inayotubomolea Barabara Kila Masika

Wiki iliyopita niliisikia tena. Nilikuwa nimesimama mbele ya mkutano wa kijiji, ramani imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtendaji, nikieleza kwa nini fedha zilizobaki ziende kwenye mitaro na makalvati, yaani yale mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha fimbo yake. “Mhandisi, mwanangu, wewe unatueleza ya kesho. Sisi shida yetu ni ya leo.” Mkutano mzima ukapiga makofi.

Sikumlaumu. Barabara ya kwenda zahanati ina mashimo, na wajawazito wanapelekwa kwa bodaboda. Lakini maneno hayo nimeyasikia kwa zaidi ya miaka 20 ya kazi ya barabara za wilaya: kijijini, kwenye vikao vya madiwani, hata kwa wachumi waliosoma kuliko mimi. Safari hii nimeamua kuyajibu kwa maandishi.

Dhana: Serikali imalize matatizo ya sasa, ya baadaye yashughulikiwe yakifika

Matatizo ya sasa hayaishi. Hayaishi kwa sababu kila mwaka tunayazaa upya kwa kuacha kazi ndogo ambayo ingeyazuia. Anayesema tumalize kwanza anadhani kuna ndoo inayokauka. Barabara haiko hivyo.

Adui mkubwa wa barabara ni maji. Lami unayoiona ni kofia tu, nguvu yenyewe iko kwenye tabaka za chini. Ufa mwembamba usipozibwa, maji yanaingia kwenye msingi, msingi unalegea, na kila gurudumu linalopita linasukuma tope kwenda juu. Baada ya hapo shimo ni suala la majuma tu. Barabara ya changarawe haina hata hiyo kofia. Mtaro ukijaa mchanga, maji yanapanda barabarani na kuifanya kuwa mto, na masika moja yanatosha kuihamisha changarawe yote ikalale kwenye mashamba ya watu.

Gharama nayo haipandi polepole. Wakala wa barabara kuu wa Afrika Kusini umekuwa ukieleza kwamba barabara iliyokosa matengenezo kwa miaka mitatu inadai mara 6 ya fedha ambazo zingeitunza, na ikikosa kwa miaka mitano inadai mara 18. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya maendeleo ya mwaka 1994, ilikadiria kwamba dola bilioni 12 za matengenezo ya wakati zingeiokolea Afrika dola bilioni 45 za kujenga upya, kwa muongo mmoja tu. Zile bilioni 33 za tofauti zilikuwa zahanati, madarasa na visima, yaani shida za leo za watu wa miaka ile. Zilizikwa kwenye vifusi kwa sababu kuna mahali mtu alisema mtaro unaweza kusubiri.

Niliwahi kuliona hili kwa macho yangu katika halmashauri moja ambayo sitaitaja. Kwenye mpango wa mwaka tulikuwa na fungu dogo la matengenezo ya kawaida: kufyeka, kuzibua mitaro, kutoa mchanga kwenye makalvati 14. Kazi ya sururu na koleo, ya vijana wa kijiji. Mnada ukakaribia, wafanyabiashara wakalalamika, likaja agizo kwamba fungu lile likodishe greda kuchonga barabara ya mnadani. Niliandika barua ya kupinga na nakala ninayo mpaka leo. Greda lilipita, barabara ikapendeza, watu wakashukuru. Masika yalipofika, makalvati yaliyoziba yalirudisha maji nyuma, tuta likakatika sehemu tatu, na barabara ya mnadani ikaondoka nayo. Tulitumia miaka miwili ya bajeti kurudi pale tulipokuwa. Greda bila mtaro ni kuwaandalia maji njia, na hapa nitaendelea kurudia mpaka nistaafu: mtaro kwanza, greda baadaye.

Kinachonikera zaidi ni neno “kesho” lenyewe. Mtu akisikia serikali ifikirie ya baadaye, anawaza mwaka 2070, vitukuu, bahari kupanda. Mambo hayo yapo na yana wataalamu wake. Lakini sehemu kubwa ya “baadaye” inayokatwa kwenye bajeti zetu ni Machi ijayo. Mzee yule aliyenyoosha fimbo atakuwapo Machi. Mama anayesukuma tenga la nyanya kwenye tope atakuwapo. Hatumnyimi yeye ili tumpe asiyezaliwa, ni yeye yuleyule, miezi sita mbele, na tunajua kwa uhakika mvua itamkuta wapi.

Waliotunga sheria waliliona hili. Mfuko wa Barabara wa Tanzania, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1998 na unaolishwa zaidi na tozo ya mafuta, uliwekewa sharti kwamba angalau asilimia 90 ya fedha zake ziende kwenye matengenezo na dharura, miradi ya maendeleo isizidi asilimia 10. Sababu ni kwamba bila uzio, fedha ya matengenezo haina mtetezi. Hakuna anayeandamana kwa ajili ya kalvati ambalo bado halijaziba.

Sisemi kwamba ya leo hayatangulii kamwe. Kimbunga Hidaya kilipokuja mwanzoni mwa Mei 2024, barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikakosa njia kwa siku kadhaa. Siku kama hiyo hakuna mhandisi anayefungua mpango wa miaka 20. Mawe yamwagwe, magari ya dawa na chakula yapite. Kipindupindu kikilipuka, klorini itangulie. Dharura ni dharura. Ninachokataa ni kuigeuza kila siku kuwa dharura, halafu kuita hali hiyo kuwajali wananchi.

Dhana: Kufikiria mbele ni anasa ya nchi tajiri

Bangladesh inatosha kujibu. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua laki tatu kwenye pwani yake. Mwaka 1972, nchi ikiwa changa, imetoka vitani na maskini kupindukia, ilianzisha pamoja na Msalaba Mwekundu mpango wa watu wa kujitolea wa kuwaonya wanakijiji, na miaka iliyofuata ikaongeza majengo ya kukimbilia. Kimbunga Amphan kilipopiga Mei 2020, watu zaidi ya milioni mbili walihamishwa kabla, na vifo nchini humo havikufika mia. Walianza na vipaza sauti, bendera na baiskeli. Nchi tajiri ndiyo inayoweza kumudu kujenga mara mbili. Sisi hatuwezi.

Dhana: Mradi mkubwa mpya ndiyo kufikiria ya baadaye

Hii ni ya wakubwa, na watu huwa hawapendi nikiigusa. Kuzindua kilomita mpya za lami kunaonekana kama kuona mbali, na mara nyingi barabara yenyewe inahitajika kweli. Lakini kila kilomita mpya ni mtoto mpya wa kulisha. Ukijenga bila kuongeza fungu la matengenezo, umegawa chakula kilekile kwa watoto wengi zaidi, na wakubwa wao ndio wanaokonda kwanza. Kwenye kila uzinduzi ningependa litangazwe pia fungu la kuitunza barabara hiyo kwa miaka kumi ya mwanzo, na linatoka wapi.

Dhana: “Mvua ya miaka 25” imeshapita, tuko salama kwa miaka 25

Hapana. Sisi wahandisi tukiita mvua kubwa “ya miaka 25”, maana yake ni kwamba kila mwaka ina nafasi ya asilimia 4 ya kutokea, hata kama mwaka jana ilitokea. Ndani ya miaka 25 nafasi ya kuiona angalau mara moja ni asilimia 64 hivi. Anayejenga kwenye bonde kwa sababu mafuriko “yamekwishapita” anacheza bahati nasibu na familia yake. Jangwani, Dar es Salaam, ni uwanda wa mafuriko wa Mto Msimbazi tangu kabla hatujauita Jangwani. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu wapatao 40 jijini, na bado karakana ya mabasi yaendayo haraka iliwekwa kwenye bonde hilo, ikawa inafurika mara kwa mara. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa Bonde la Msimbazi, na baadhi ya kazi zake ni kuihamisha karakana hiyo na kujenga daraja jipya refu.

Dhana: Wajukuu wetu watakuwa na uwezo kuliko sisi, watalipa wenyewe

Wachumi wana hesabu zao hapa na si zote mbaya. Lakini zinadhani kitu kinasubiri kikiwa na bei ileile. Kwa barabara haiko hivyo, kama nilivyoonyesha. Na kuna vitu havinunuliki tena: mtoto aliyedumaa katika siku 1,000 za mwanzo hapewi siku hizo akiwa darasa la saba. Angalieni mfano huo vizuri. Kumlisha mtoto huyo leo ni kazi ya leo au ya baadaye? Ni zote mbili.

Dhana: Kosa ni la wanasiasa peke yao

Ningependa iwe hivyo, ingekuwa rahisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu chaguzi za Marekani ulikuta kwamba wapigakura huko huwazawadia viongozi kwa fedha za misaada baada ya maafa, lakini si kwa fedha za kujikinga, ingawa dola moja ya kinga ilikadiriwa kuokoa dola 15 hivi za hasara. Diwani wangu naye anajua hesabu hiyo bila kuisoma popote. Aliyeleta greda anachinjiwa mbuzi. Aliyezibua kalvati hata jina lake hawalijui.

Kwa hiyo ombi langu kwa yule mzee, na kwa wote waliopiga makofi, ni dogo. Mkutano ujao ni Novemba. Kabla hujauliza lini greda litakuja, muulize mhandisi wako mambo matatu mbele ya diwani, na mtendaji ayaandike kwenye muhtasari: matengenezo ya kawaida ya kata hii yametengewa shilingi ngapi, makalvati yapi yatazibuliwa kabla ya Machi, na ni nani atakayeyakagua. Kisha, kwa kuwa unaishi karibu nayo kuliko mimi, pita pale kwenye kalvati la njia ya zahanati mwisho wa Februari. Inama, chungulia. Kama huoni mwanga upande wa pili, nipigie simu siku hiyohiyo.