Je, wajua kwanini saiti inakufa watu wakijaa wakati seva yenyewe, yaani kompyuta inayoihudumia, haijachoka?

Mwezi wa kwanza wanafunzi wakirudi shule, stendi ya Nane Nane hapa Mbeya inajaa tangu alfajiri, na mimi ndo nilikuwa nimewatengenezea jamaa wa mabasi mfumo wa kukata tiketi kwa simu. Asubuhi hiyo ukafa, ukurasa unazunguka tu. Nikaingia kwenye seva nikijua nitakuta prosesa imeelemewa, kumbe haifiki hata robo.

Wenzangu wakaanza, hamia Node.js (inayoendesha JavaScript kwenye seva), Laravel uliyotumia haibebi watu wengi (ni fremuweki, yaani kiunzi cha kujengea saiti, ya lugha ya PHP), mwingine akasema vunjavunja mfumo uwe maikrosevisi, yaani programu ndogondogo zinazojitegemea. Kidogo niwasikilize.

Sasa sikia kilichokuwa kinatokea. Seva ya PHP kwa kawaida inakuwa na prosesi chache zenye idadi maalumu (nakala za programu zinazofanya kazi kwa pamoja), kila moja inashika mteja mmoja mpaka amalizane naye, mimi nilikuwa nazo 20. Mteja akibonyeza lipa, simu yake inaletewa ujumbe wa kuweka namba ya siri, na kodi yangu (maelekezo ya programu niliyoandika) ilikuwa inamsubiri palepale. Mama yuko Uyole, mtoto mgongoni, anatafuta miwani, sekunde 40 zimeisha na prosesi nzima imekaa inamngoja yeye tu. Wakifika 20 wa namna hiyo, wa 21 hata akitaka kuona nauli tu hapati kitu. Kwahiyo saiti nyingi zinakufa kwa kusubiri, sio kwa kazi nyingi.

Hapo Node.js ina hoja kweli, Ryan Dahl aliitoa 2009 kwa wazo hilohilo, uzi mmoja (mfululizo mmoja wa kazi ndani ya programu) unahudumia watu kibao kwasababu haukai kumngoja mmoja. Ila mimi sikuhitaji kuandika upya kila kitu, niliweka foleni: ombi la malipo linaingia kwenye foleni, mteja anajibiwa hapohapo kwamba malipo yanashughulikiwa, programu ya pembeni inafuatilia, majibu ya mtandao wa simu yakija tiketi inatoka.

Afu kulikuwa na databesi, na hapa ndo fremuweki yoyote ile isingeniokoa. Ukurasa wa safari ulikuwa na mabasi 10, kila basi siti 57, na kodi ilikuwa inauliza hali ya kila siti kivyake, maswali 570 kwa mtu mmoja kufungua ukurasa mmoja! Nikaziita zote kwa mkupuo, yakabaki matatu, nikaongeza indeksi (kama faharasa ya kitabu) kwenye jedwali la tiketi maana lilikuwa linasomwa lote toka juu mpaka chini kila mara.

Na fremuweki sio kizuizi cha kukua: Instagram iliponunuliwa na Facebook 2012 ilikuwa na wafanyakazi 13 tu na watumiaji kama milioni 30, na imejengwa kwa Django, fremuweki ya Python, lugha ambayo watu wanasema ni nzito. Na kuhusu maikrosevisi, 2023 timu moja ya Prime Video ya Amazon ilieleza ilivyorudisha mfumo wake wa kukagua ubora wa video kutoka vipande vingi kuwa kitu kimoja, gharama zikashuka zaidi ya asilimia 90.

Kwahiyo ukiniuliza uchague nini, chukua fremuweki ambayo ikigoma saa sita usiku utampata mtu hapa mjini wa kuirekebisha. Anza na mfumo mmoja, ila ndani tenganisha tiketi, malipo na mizigo. Taarifa za nani ameingia kwenye akaunti yake weka Redis (hifadhi ya haraka inayokaa kwenye memori) au kwenye databesi, sio kwenye diski ya seva, ili siku ukiongeza seva ya pili mteja asitolewe kwenye akaunti yake katikati ya kukata tiketi.

Na usisahau sharti kwenye jedwali kwamba safari na siti visijirudie pamoja. Wawili wakibonyeza siti namba 14 sekunde ileile, databesi inampokea mmoja, wa pili anaambiwa palepale achague nyingine, hawaji kukutana mlangoni mwa basi saa kumi na moja alfajiri, na baridi ya huku, kila mtu ameshika tiketi yake.