Je, wajua kwa nini ng'ambo ya Ruvuma gavana hupigiwa kura, ilhali Mtwara mkuu wa mkoa huteuliwa?

Mpwa wangu ni utingo wa lori. Mara mbili tatu kwa mwaka hupita Mangaka, akashuka hadi Mtambaswala, akavuka Daraja la Umoja lenye urefu wa mita 720 na kuingia Msumbiji. Safari ya mwisho alirudi na neno jipya mdomoni: governador. Alilala Mueda kwa ndugu zetu, akawakuta wakibishana juu ya gavana wa mkoa wao wa Cabo Delgado, nani alimpa kura na nani alimnyima. Nilikuwa nimeitikia marahaba tu, begi hajaliweka chini, akaniuliza: "Mjomba, Wamakonde wa kule na wa huku ni wale wale. Kwa nini wao gavana wanampigia kura, na sisi mkuu wa mkoa tunamsikia kwenye taarifa ya habari?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi, kwa sababu jibu linaloning'inia mdomoni mwa wengi, kwamba wenzetu wana demokrasia zaidi, si jibu. Lazima tuanze na mkoa wenyewe ni kitu gani.

Mkoa wa Mtwara si serikali. Una ofisi, una bendera mlangoni, una gari lenye heshima zake, lakini hauna bunge lake, hautungi sheria na hautozi kodi. Ni mkono wa Serikali Kuu ulionyooshwa kutoka Dodoma hadi huku kwetu. Ndiyo maana Ibara ya 61 ya Katiba ya 1977 inasema wakuu wa mikoa wa Tanzania Bara huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Ibara ya 2 inampa Rais uwezo wa kuigawa nchi katika mikoa na wilaya kwa utaratibu wa sheria. Wazee wanakumbuka kwamba Lindi na Mtwara zilikuwa mkoa mmoja hadi 1971. Zilipotenganishwa, hakuna mkazi wa Kilwa wala Newala aliyepiga kura kuamua.

Sasa linganisha na Marekani. Huko majimbo 13 ndiyo yaliyoiunda serikali ya pamoja kwa Katiba iliyoandikwa 1787. Watoto walitangulia kuzaliwa kuliko mzazi. Kwa hiyo hadi leo Katiba yao inakataza kukata jimbo jipya ndani ya jimbo lililopo bila ridhaa ya bunge la jimbo hilo. Gavana wa Texas hateuliwi na Rais wala hafukuzwi na Rais, maana madaraka yake hayakutoka Washington. Nchi ya namna hiyo ndiyo tunayoiita shirikisho. Yetu ni nchi ambayo madaraka yako kwanza katikati, kisha yanagawiwa chini kwa kadiri sheria inavyoruhusu.

Kabla sijafika Msumbiji, niseme kidogo juu ya maneno, kwa sababu yanatuchanganya. Ukisema gavana Mtwara leo, mtu atadhani unamzungumzia Gavana wa Benki Kuu. Mwenye umri mkubwa atamkumbuka Mwingereza aliyekaa Dar es Salaam kwa niaba ya mfalme wake. Mkenya atamfikiria mkuu wa kaunti. Neno jimbo nalo vivyo hivyo: kwa wazee huku tulikuwa Jimbo la Kusini, kwa kijana jimbo ni eneo la mbunge, na Mkenya akisikia "majimbo" anasikia siasa nzima ya kugawana nchi. Mtu anaweza kulinganisha nchi tatu kwa neno moja na akawa hajalinganisha kitu.

Asili ya mkuu wetu wa mkoa inapatikana katika ukoloni. Mjerumani alitawala pwani na bara kwa maliwali na maakida waliowajibika kwake. Mwingereza akaweka kamishna wa jimbo, na chini yake makamishna wa wilaya. Baada ya Uhuru, serikali ya Nyerere ilibadilisha mtu na kazi lakini haikubomoa ngazi: 1962 wakaja wakuu wa mikoa, ambao walikuwa pia viongozi wa TANU katika mikoa yao, na 1963 utawala wa machifu ukafutwa kisheria. Nchi ilikuwa na makabila zaidi ya 120, na hofu ya wakati ule ilikuwa kwamba kila kona ikipata serikali yake, kila kona itapata kabila lake serikalini. Mimi naiona hofu hiyo ilikuwa ya haki. Lakini 1972 tulikwenda mbali kupita kiasi. Mpango ulioitwa Madaraka Mikoani ulizifuta halmashauri za wilaya, na madaraka yaliyopelekwa mikoani yalikwenda kwa maofisa, si kwa wananchi. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za 1982 na kuanza kazi tena 1984. Ibara ya 146 ya Katiba sasa inatamka kwamba madhumuni ya Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Kenya ilipita njia nyingine. Ilipata uhuru 1963 ikiwa na katiba ya majimbo, ikaivunja ndani ya muda mfupi, ikakaa miongo mingi na wakuu wa mikoa walioteuliwa na Rais kama sisi. Kilichowarudisha ni damu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,000 waliuawa, na Wakenya wengi wakaona kwamba urais unaobeba kila kitu ni chambo cha vita. Katiba ya Agosti 2010 ikaunda kaunti 47, na Machi 2013 magavana wa kwanza wakachaguliwa. Majina ya kaunti hizo yameorodheshwa ndani ya Katiba yenyewe, Rais hawezi kuongeza hata moja kwa tangazo. Wakati huo huo gavana hana kinga ya kudumu: mabaraza ya kaunti na Seneti waliwaondoa Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi mwaka mmoja, 2020.

Sasa tuvuke daraja. Msumbiji ilizaliwa kama sisi, pengine imebanwa katikati kuliko sisi. Frelimo, chama cha ukombozi, iliundwa Dar es Salaam 1962, wapiganaji wake wakafunzwa Nachingwea, hapa hapa Lindi, na uhuru ulipopatikana Juni 1975 kilikuwa chama kimoja, serikali moja, magavana wa kuteuliwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya serikali ya Frelimo na waasi wa Renamo vilimalizwa kwa mkataba wa Roma 1992. Lakini donda likabaki: katika baadhi ya mikoa ya kati na kaskazini Renamo ilikuwa ikipata kura nyingi, na bado gavana akaletwa na Rais, yaani na Frelimo. Mtu ameshinda nyumbani kwake, halafu ufunguo anapewa mwingine. Afonso Dhlakama, kiongozi wa Renamo, alirudi msituni akidai, pamoja na mengine, magavana wachaguliwe. Mazungumzo yake na Rais wa wakati huo, Filipe Nyusi, ambaye ni Mmakonde wa Mueda, ndiyo yaliyozaa mabadiliko ya Katiba mwaka 2018. Dhlakama alifariki Mei mwaka huo, na Oktoba 2019 uchaguzi wa kwanza wa namna hiyo ukafanyika.

Hapa ndipo nilipomwambia mpwa wangu kwamba ndugu zetu wa Mueda wamemweleza nusu. Hawampigii kura gavana moja kwa moja. Wanapigia chama au umoja wa vyama katika uchaguzi wa baraza la mkoa, na aliye juu ya orodha iliyoshinda ndiye anakuwa gavana. Mwaka 2019 Frelimo ilishinda mikoa yote 10 iliyokuwa ikigombewa, kwa hiyo hata sura za walioingia ofisini hazikuwashangaza watu. Na pembeni ya gavana huyo, katika mkoa ule ule, Rais anateua mtu mwingine anayeitwa Katibu wa Dola wa mkoa, mwenye kazi ya kuiwakilisha Serikali Kuu. Wakubwa wawili, ofisi mbili, mkoa mmoja. Mipaka ya kazi zao imekuwa ikigombaniwa tangu siku ya kwanza, na mimi sishangai.

Ukishaliona hilo, tazama tena kwingine. Kenya, pamoja na gavana wake, ina kamishna wa kaunti anayetoka Serikali Kuu. Ufaransa, ambayo Napoleon aliiwekea maprefe, yaani wakuu wa maeneo wa kuteuliwa, 1800, iliwapa mabaraza ya kuchaguliwa uongozi wa maeneo yao kwa sheria ya 1982, lakini prefe yupo hadi leo, ana ofisi yake na anaiwakilisha dola. Katika nchi hizi tatu, kumchagua mkuu wa eneo hakukumwondoa mtu wa katikati. Kilichoongezwa ni mtu wa pili, anayewajibika kwa waliomchagua, akakaa ngazi ile ile.

Kwetu mtu huyo wa pili yupo, ila amewekwa ngazi ya chini. Ni diwani, na juu yake ni meya wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani au mwenyekiti wa halmashauri, ambao huchaguliwa na madiwani wenzao. Mkoa wa Mtwara una halmashauri tisa, na kila moja ina baraza lililochaguliwa. Tatizo, na hapa ninasema kwa uchungu wa mtu aliyekulia huku, ni kwamba mkurugenzi anayesaini hundi za halmashauri hakuajiriwa na madiwani hao. Naye anateuliwa kutoka juu. Kwa hiyo baraza linaweza kuazimia, likagonga meza, lakini mtendaji wake mkuu ana bosi mwingine.

Kisha kuna fedha, na kwa watu wa korosho hili halihitaji maelezo marefu. Hadi 2018 sheria ilitenga asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje kwa ajili ya kuendeleza zao lenyewe. Juni mwaka huo Bunge likabadilisha sheria, fedha yote ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walipinga bungeni kwa sauti kubwa, sheria ikapita. Mwaka mmoja kabla, kiwango cha ushuru wa mazao ya biashara unaokusanywa na halmashauri kilishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3. Kwa mkulima wa Tandahimba ilikuwa nafuu, kwa halmashauri yake ilikuwa pengo, na uamuzi haukufanyika Tandahimba.

Katiba ya Kenya, kwa upande wake, inasema kaunti zote kwa pamoja zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Nigeria, shirikisho la majimbo 36, imeandika katika Katiba ya 1999 kwamba jimbo linalotoa rasilimali lipate angalau asilimia 13 ya mapato yake. Asilimia hizo hazijayafanya maisha ya Turkana au ya Delta ya Niger kuwa mepesi, tusidanganyane. Ila zimeandikwa mahali ambapo Bunge haliwezi kuzifuta kwa kura ya jioni moja kwenye muswada wa fedha. Nikikumbuka Januari na Mei 2013, watu wa Mtwara walipoingia barabarani kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam na wengine wakapoteza maisha, naona swali lililokuwa likiulizwa kwa mabango lilikuwa hili hili: mkoa una haki gani juu ya kinachotoka chini yake? Kwa muundo wetu jibu la kisheria lilikuwa wazi, rasilimali ni ya taifa zima. Ambacho hakikuwapo ni meza ya mkoa, yenye wawakilishi wa kuchaguliwa, ya kulizungumzia kabla halijafika barabarani.

Mpwa wangu aliniuliza kuhusu Zanzibar, na ni swali zuri. Zanzibar ina Rais wake, Baraza la Wawakilishi lake na mahakama zake kwa mambo yasiyo ya Muungano, kwa hiyo ndiyo sehemu pekee ya nchi yetu inayokaribia kufanana na jimbo la shirikisho. Lakini hata huko, wakuu wa mikoa huteuliwa, na Rais wa Zanzibar.

Tulipofika hapo mishumaa ya mbu ilikuwa imekwisha kuungua. Akaniuliza la mwisho: "Basi barabara ya kijijini kwetu ikikatika masika, nimwendee nani?" Nikamwambia zamani ningemjibu halmashauri, lakini tangu Julai 2017 barabara za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA, wakala wa Serikali Kuu, ilhali Kenya barabara za namna hiyo ziko chini ya kaunti. Aanze kwa meneja wa TARURA wa wilaya, na nakala ampe diwani, kwa sababu baraza la madiwani hukutana angalau kila baada ya miezi mitatu na vikao vyake viko wazi kwa mwananchi yeyote anayetaka kukaa nyuma na kusikiliza. Akachukua kalamu, akaniuliza kikao kijacho ni lini.